Bado ni Mbegu: Kuhakiki Kitabu Ambacho Kila Mtu Anaweza Kukifuta

Kuna kitabu kimoja cha Kiswahili ambacho karibu kila mwenye simu amewahi kukifungua, lakini sijaona mtu akikihakiki. Hakina mwandishi mmoja. Hakina jalada. Hakijawahi kuzinduliwa kwenye ukumbi wowote Nairobi, watu wakila sambusa na kupiga picha. Kilianza 2003, miaka miwili baada ya ndugu yake mkubwa wa Kiingereza, na sasa kina makala zaidi ya 80,000. Ni Wikipedia ya Kiswahili, kamusi elezo huru. Wengi wetu hufika hapo kwa ajali tu: umetafuta kitu, Google ikakutupa huko, ukasoma sentensi mbili, ukasema "aah", ukahamia Kiingereza.

Hiyo "aah" ndiyo nataka kuihakiki. Si kwa kuhesabu makosa, maana hilo ni rahisi na halina faida. Nataka kukisoma kitabu hiki kama tunavyosoma riwaya au diwani: umbo lake linaruhusu nini kusemwa, na linanyamazisha nini? Ensaiklopidia ya kuhaririwa na umma haiandikwi na watu peke yao. Inaandikwa pia na vifaa, yaani vitufe, vigezo, roboti na kanuni. Kifaa hakikosi maoni. Ukipewa ngoma hutapiga zumari, hata uwe fundi namna gani.

Anza na ukurasa wenyewe. Kila makala yana milango minne: Makala, Majadiliano, Hariri na Historia. Wasomaji wengi huishi mlango wa kwanza tu. Lakini utamu uko kule kwa Historia. Humo kila toleo la makala limehifadhiwa tangu siku ya kwanza: nani alibadilisha, saa ngapi, aliongeza herufi ngapi, na akaeleza nini kwenye kile kisanduku kidogo cha muhtasari. Unaweza kuweka matoleo mawili kando kwa kando ukaona neno lililotolewa na lililoingia. Kwenye kitabu cha karatasi rasimu hutupwa. Hapa rasimu ndizo kitabu, na toleo unalolisoma leo ni rasimu ambayo hakuna mtu ameigusa tangu jana.

Halafu kuna lugha ya kuandikia. Weka neno ndani ya mabano mraba mawili na linageuka kiungo. Kama makala yake yapo, linakuwa buluu. Kama hayapo, linakuwa jekundu. Mimi naona kiungo chekundu ni moja ya tamathali bora za usemi zilizozaliwa na intaneti. Anayekiacha anasema: hiki kitu kipo, kinastahili ukurasa wake, sina nafasi leo, njoo wewe. Ni deni linaloandikwa hadharani. Hakuna aina nyingine ya maandishi ninayoijua inayoonyesha mapengo yake kwa rangi.

Na waliotafsiri vifaa hivi kwa Kiswahili walifanya kazi safi, tuwape heshima yao. Msimamizi mwenye uwezo wa kufuta na kufungia anaitwa mkabidhi: mtu aliyekabidhiwa kitu, si mwenye nacho. Kuondoa mabadiliko ya mwenzako ni kutengua, neno ambalo mtu wa pwani hulijua kutoka kwa udhu, kwa hivyo lina uzito fulani. Hutengui bila sababu. Kundi la makala huitwa jamii, yaani ukurasa wa mto fulani ni wa jamii ya mito ya Kenya, kana kwamba mito ina ukoo na baraza la wazee. Na makala mafupi ambayo hayajakamilika huitwa mbegu. Chini yake kunakaa kibandiko kinachosema kwamba "makala hii" bado ni mbegu, na kinakualika uongeze habari.

Kuna kitu hapo. Sisi tuliosoma Kenya tulifundishwa "makala haya", na mwalimu angekupiga alama nyekundu ukiandika "makala hii". Mtanzania haoni shida yoyote. Kibandiko kimoja, kikabandikwa kwenye maelfu ya kurasa, kimeamua mjadala wa sarufi kati ya nchi mbili bila kupigiwa kura. Hivyo ndivyo kigezo kinavyofanya kazi. Unaandika sentensi mara moja, unaifunga ndani ya mabano ya mikunjo, na kuanzia hapo inajirudia kila mahali ikionekana kama sauti ya lugha yenyewe.

Sasa tuingie kwenye umbo linalotawala kitabu hiki: makala ya mahali. Katiba ya 2010 ilituletea kaunti 47, na chini yake kuna maeneobunge 290 na wadi 1,450. Kila moja ya hizo ni makala yanayosubiri kuandikwa, na kuna fomula. Unachukua jina. Unasema ni kata ya kaunti fulani, eneobunge fulani, nchini Kenya. Unabandika mbegu. Unaweka jamii. Umemaliza, nenda kwa ingine. Upande wa Tanzania fomula inaongeza idadi ya wakazi kutoka kwa sensa na namba ya posta. Mito nayo ina fomula yake: jina, kaunti, na maji yanaelekea wapi.

Chukua Pumwani. Ukifuata fomula, Pumwani ni kata ya Kaunti ya Nairobi, eneobunge la Kamukunji. Ni kweli kabisa. Na haisemi chochote. Haisemi kwamba serikali ya kikoloni iliutenga mtaa huo kwa Waafrika mwanzoni mwa miaka ya 1920, wakati mjini kati palihesabiwa si petu. Haisemi kwamba hospitali ya kujifungulia ilianza hapo 1926, na kwamba nusu ya watu unaopigana nao kwa foleni ya matatu huenda walivuta pumzi yao ya kwanza ndani yake. Haisemi Majengo ni nini, kwa nini Kiswahili kilikolea huko mapema kuliko mitaa mingi ya Nairobi, wala kwamba nyumba nyingi zilijengwa na wanawake kwa pesa zao wenyewe. Fomula inajua Pumwani iko wapi. Haijui Pumwani ni wapi.

Rahisi hapa ni kucheka. Wako wanaosema kurasa hizi ni takataka za kujaza idadi, afadhali zifutwe. Mimi sikubaliani. Mshairi wa Kiswahili hajawahi kuona aibu kuanza na umbo lililokwisha kuwekwa. Vina na mizani vipo kabla yake, na hakuna anayesema utenzi ni mbovu kwa sababu beti zake zinafanana kwa urefu. Fomula ya kata ni mizani. Inampa mtu asiyejua aanzie wapi mahali pa kuweka mguu. Ukurasa wenye sentensi moja una Historia, una Majadiliano, una kitufe cha Hariri. Ukurasa usiokuwepo hauna hata kimoja. Tatizo la mbegu si udogo. Tatizo ni kwamba aliyepanda alipanda elfu moja jioni moja na hakuna aliyepewa ndoo ya maji.

Kwa nini basi mtu wa Majengo asiingie leo usiku, abofye Hariri, amwage stori yote? Hapo ndipo kanuni zinapokutana naye mlangoni.

Kanuni kuu za Wikipedia, katika lugha zote, ni chache na zinaeleweka. Andika bila kuegemea upande. Kila dai liweze kuthibitishwa kwenye chanzo kilichochapishwa. Usilete utafiti wako mwenyewe. Na mada iwe na umaarufu, maana yake iwe imeandikwa kwa kina na vyanzo huru vinavyoaminika. Juu ya hizo kuna adabu: uwe jasiri, chukulia kwamba mwenzako ana nia njema, usiwaume wageni. Kwenye karatasi ni katiba nzuri kuliko ya vyama vingi tunavyovijua.

Lakini swali la "umaarufu kwa nani?" lilitugonga mapema. Machi 2010, bendi ya Just A Band ilitoa video ya wimbo wa Ha-He, na Makmende akarudi mjini: yule jamaa mwenye afro na ngumi, jina lililotokana na watoto wa Nairobi kusikia sinema za Clint Eastwood na kuligeuza Kisheng. Siku chache tu, mtandao wote wa Kenya ulikuwa Makmende. Mtu akamwandikia makala kwenye Wikipedia ya Kiingereza. Yakafutwa upesi. Yakaandikwa tena. Ukazuka mjadala: huyu ni nani, magazeti gani yamemwandika, si ni mzaha tu wa vijana? Makala yakabaki mwishowe. Mtafiti Heather Ford amekitumia kisa hicho kuonyesha shida ambayo bado ipo: mhariri aliyekaa mbali huangalia vyanzo anavyovijua yeye, asipoona kitu huko anadhani hakipo. Makmende alikuwa maarufu kwa mamilioni ya watu waliokuwa wakiongea, wakitweet na kucheka. Kuongea hakukuwa chanzo.

Na kisa hicho kilikuwa cha Kiingereza, lugha yenye magazeti na vyuo vikuu vya dunia nzima nyuma yake. Kwa Kiswahili cha Kenya mambo ni magumu zaidi. Gazeti la kila siku tulilo nalo kwa Kiswahili ni Taifa Leo. Vitabu vya historia ya mitaa yetu viko kwa Kiingereza. Kwa hivyo mwandishi wa makala ya Kiswahili hufikiri kwa Kiswahili, hutafuta uthibitisho kwa Kiingereza, kisha hurudi nao akiutafsiri. Hata anapoandika kuhusu nyumbani kwao, anapita kwanza airport.

Turudi Pumwani. Mnamo 1990 mwanahistoria Mmarekani Luise White alichapisha kitabu kuhusu ukahaba katika Nairobi ya kikoloni, The Comforts of Home, kupitia chuo kikuu cha Chicago. Ni kitabu kizito, na nguvu yake inatoka kwa mahojiano aliyoyafanya Nairobi miaka ya 1970 na wakazi wazee, wanawake wa Pumwani wakiwemo. Sasa fikiria. Mwanamke anakaa barazani kwake Majengo, anaeleza jinsi alivyopata pesa na kujenga nyumba. Mjukuu wake akiyaandika maneno hayo kwenye Wikipedia, yanafutwa: ni utafiti binafsi. Maneno hayohayo yakisafiri hadi Chicago, yakapigwa chapa, yakarudi na namba ya ukurasa, yanakuwa chanzo kinachoaminika. Nyanya ni yuleyule. Kilichobadilika ni tiketi.

Si ati hakuna aliyeliona hili. Mwaka 2011 Achal Prabhala, kwa ufadhili wa Wikimedia Foundation, aliongoza mradi India na Afrika Kusini wa kurekodi watu wakieleza mambo wanayoyajua, kisha rekodi hizo zitumike kama marejeo. Filamu yake iliitwa People are Knowledge. Ulikuwa ushahidi kwamba jambo linawezekana, ingawa haujawa mazoea ya kila siku ya wahariri.

Lakini mhakiki mwaminifu lazima aulize upande wa pili pia. Ondoa kanuni ya chanzo kesho asubuhi, na kufikia jioni kila mgombea wa wadi atakuwa "mkombozi wa vijana", kila mtu wa wash wash atakuwa "mfanyabiashara mashuhuri", na shamba lenye kesi mahakamani litakuwa na historia mbili tofauti kulingana na nani ana bando. Kanuni inayomfungia nyanya nje ndiyo hiyohiyo inayomzuia tapeli. Kwa hivyo dawa si kuivunja kanuni. Dawa ni kuzalisha vyanzo: kumrekodi nyanya, kuchapisha mahojiano mahali panapohaririwa, kuweka tarehe na mahali, ili mwingine aweze kuyataja. Majarida kama haya unayoyasoma ni sehemu ya mtambo huo, tupende tusipende. Tunapochapisha insha kwa Kiswahili kuhusu mtaa fulani, tunampa mhariri fulani tanbihi.

Kuna njia ya mkato, na inavutia: mashine. Wikimedia ina kifaa cha kutafsiri kilichotoka 2015. Unachagua makala ya Kiingereza, kinakupangia aya kushoto na kulia, mashine inapendekeza, wewe unarekebisha na kuchapisha. Kwa mtu makini ni kifaa kizuri sana, kinahamisha viungo na marejeo kwa dakika chache. Lakini kwa mtu wa haraka, hutoa ule mtindo ambao ukisoma sana utaanza kuusikia ndotoni. "Yeye ni bora kujulikana kwa jukumu lake." "Alikuwa amezaliwa kwa wazazi wawili wa Kijerumani." Maneno ni ya Kiswahili, mifupa ni ya kigeni. Sentensi imevaa kanzu lakini inatembea na viatu vya mtu mwingine.

Tumeshapitia jaribio la aina hii. Mwishoni mwa 2009 hadi mwanzo wa 2010 Google iliandaa shindano kwa wanafunzi wa vyuo vya Afrika Mashariki: andika au tafsiri makala ya Wikipedia ya Kiswahili, ushinde zawadi. Makala yaliongezeka kwa kasi. Zawadi zilipokwisha, wengi wa washiriki nao walikwisha. Siwalaumu, mwanafunzi hali makala. Lakini kama usomaji wa matini, matokeo yanafundisha: maandishi yaliyoandikwa kwa ajili ya kuhesabiwa huonekana yameandikwa kwa ajili ya kuhesabiwa.

Wengine wamelipa zaidi. Wikipedia ya Kisebuano, lugha ya Ufilipino, ina makala zaidi ya milioni 6, ya pili kwa ukubwa baada ya Kiingereza, na karibu yote yametengenezwa na roboti ya msomi mmoja wa Uswidi. Mwaka 2020 ilibainika kwamba maelfu ya makala ya Wikipedia ya Kiskoti yaliandikwa na kijana wa Marekani ambaye hakuijua lugha hiyo. Alikuwa akibadilisha tahajia za Kiingereza tu, kwa nia njema kabisa. Na 2025 ikaamuliwa Wikipedia ya Kigreenland ifungwe, baada ya msimamizi wake kuchoka na maandishi ya mashine na ya watu wasioijua lugha. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyekuwa mhuni. Kila mmoja alikuwa na kifaa chenye kasi kuliko jamii iliyopaswa kukisimamia.

Kwa nini jambo hili likukoseshe usingizi wewe ambaye huandiki ensaiklopidia? Kwa sababu mashine zinazojibu maswali siku hizi zilijifunza lugha kwa kusoma mtandao, na Wikipedia ni kati ya vitu vya kwanza zinavyolishwa. Kiingereza kina maktaba nzima za kuzilisha. Kwa lugha yenye maandishi machache mtandaoni, Wikipedia ni sehemu kubwa ya sahani. "Yeye ni bora kujulikana" ikikaa huko miaka kumi bila kutenguliwa, itarudi kwako kama jibu la simu yako, kisha kama insha ya mdogo wako, kisha kama chanzo cha makala mengine. Mashine inatafsiri vibaya, inasoma tafsiri yake, inajiamini.

Ndiyo maana hukumu yangu juu ya kitabu hiki haihusu mlango wa Makala wala wa Hariri. Inahusu ule ambao sijaugusa bado: Majadiliano. Kwenye Wikipedia ya Kiingereza ukurasa wa majadiliano wa mada yenye utata unaweza kuwa mrefu kuliko makala yenyewe. Watu wanagombania koma. Kwa Kiswahili, fungua makala yoyote ya kata kisha ubofye Majadiliano, na mara nyingi utakuta uwanja mtupu. Hakuna aliyeuliza kwa nini kata na si wadi, ilhali Kenya hakuna anayesema kata anapomaanisha wadi. Hakuna aliyeuliza kama ni "makala hii" au "haya". Hakuna aliyedai chanzo. Sisi, watu wa lugha ya mabaraza, malumbano ya ushairi na ubishi wa kijiwe usioisha, tumepewa baraza moja kwa kila mada duniani na tukaliacha na vumbi. Pasipo na ubishi, mazoea ya watu wachache wenye bidii hugeuka sheria. Hao wachache hawakunyakua kitu. Walibaki kazini wengine tukienda zetu.

Kitabu hiki kwa sasa ni cha wastani. Kina upana wa ajabu na kina kifupi, kina istilahi nzuri kuliko sentensi zake, na fomula zake zimezidi waandishi wake. Lakini kinamfanyia mhakiki jambo ambalo riwaya haimfanyii: kinamnyang'anya kisingizio. Nikisema riwaya fulani ina mwisho mbovu, siwezi kuingia usiku nikaurekebisha. Hapa naweza, nawe unaweza. Kila lawama ninayoiandika hapa juu ya ukurasa wa Pumwani inaweza kuwa aya ya ukurasa huo: mwaka wa kuanzishwa, hospitali na 1926 yake, kitabu cha 1990 kwenye marejeo, kiungo chekundu kwa Majengo. Halafu ile hoja ya "wadi" ipelekwe Majadiliano, na mwishoni alama nne za mawimbi ambazo mfumo huzigeuza kuwa jina lako na saa uliyoandika, ili anayepinga ajue ni nani wa kubishana naye.